Kutoa nenosiri hakufungui folda

Swali ni lile lile: "Fundi, folda ya ofisi imegoma. Nimeshatoa nenosiri kwenye kompyuta ya bosi, lakini bado inadai nenosiri." Mara nyingi anayepiga ni karani wa wakala wa forodha hapa Tunduma. Nyaraka za mzigo zimo kwenye kompyuta ya chumba cha pili, lori la shaba kutoka Lubumbashi limesimama Nakonde, upande wa Zambia, na dereva hakati simu.

Basi tuelewane. Folda imegoma kwa sababu umetoa nenosiri. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, akaunti isiyo na nenosiri inamruhusu tu mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yenyewe. Ukiijia kupitia mtandao unakataliwa, hata kama kebo, rauta na ruhusa vyote viko sawa. Waliotengeneza Windows waliweka kizuizi hicho makusudi, na kimekuwapo zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, kuanzia Tunduma mpaka Vwawa bado kuna mafundi wanaopokea hela kwa ushauri huu.

Kutoa nenosiri kukishindikana, fundi huyo huenda hatua mbaya zaidi. Anazima ulinzi wa nenosiri kwenye folda zote zilizosheawa, anaipa "Everyone" ruhusa kamili, anazima firewall, na akikwama kabisa anawasha SMB1, ule mfumo wa kizamani wa kompyuta kupeana mafaili. Folda inafunguka, analipwa, anaondoka. Kuanzia saa hiyo, yeyote aliyewahi kupewa Wi-Fi ya ofisi, hata dereva aliyeomba dakika mbili atume picha ya hati, anaweza kusoma, kubadili na kufuta kila kitu kilichomo.

Msiseme natisha watu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia udhaifu wa SMB1, kikiruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya udhaifu huo Microsoft ilikuwa imeshaitoa mwezi Machi. Na kirusi cha aina hiyo hakina haja ya kuifikia kompyuta ya bosi: kikiingia kwenye ya karani mmoja, kinafunga kila faili ambalo karani huyo ana ruhusa ya kuliandika. Ukiwa umempa kila mtu ruhusa kamili, umekipa na kirusi. Humo ndani mna nakala za pasipoti za madereva, namba za TIN na ankara za wateja, vitu ambavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uvilinde.

Tena njia hiyo yenyewe inazibwa. Windows 11 Pro, kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, inakataa kuingia kwenye folda ya mwenzake kama mgeni asiye na nenosiri. Ndiyo maana kompyuta mpya inagoma pale ambapo za zamani zinapita, na watu wanairudisha dukani wakidai ni mbovu. Kompyuta ni nzima. Folda ndiyo ilifunguliwa vibaya.

Kinachotakiwa ni hiki. Kwenye kompyuta yenye folda, mfungulie kila karani akaunti yake yenye nenosiri. PIN ya tarakimu nne haihesabiki, maana inafanya kazi kwenye kompyuta ile ile tu. Mpe ruhusa sehemu zote mbili, penye Sharing na penye Security, kwa kuwa ile iliyobana zaidi ndiyo inayoshinda. Rudi kwenye kompyuta ya karani, ingia Credential Manager, futa nenosiri la zamani lililohifadhiwa humo, kisha uiwashe upya, kwani Windows haikubali majina mawili tofauti kwenye kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ikiuliza jina, tanguliza la kompyuta yenye folda, hivi: MASJALA\asha. Anayetumia akaunti ya Microsoft aandike barua pepe na nenosiri lake. Hakikisha mtandao umewekwa Private, usiwe Public. Jina la kompyuta lisipoonekana, tumia namba yake ya IP. Na kama mko wengi, jueni kwamba Windows ya kawaida haipokei zaidi ya kompyuta 20 kwa mara moja. Ofisi kubwa inunue seva.

Kwa ofisi zenye seva inayosimamia akaunti zote, kuna la mpakani zaidi. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wapo wanaorudisha saa ya kompyuta kwa mkono ili ilingane na ya Nakonde. Seva ikikuta tofauti ya zaidi ya dakika 5 inaweza kukunyima folda hata nenosiri likiwa sahihi kabisa. Anayetaka saa ya Zambia abadilishe kanda ya saa kwenye mipangilio, na saa yenyewe asiiguse.