Magnolia, mkilua na mtopetope: kipi kitakubali Sib?



Wenzetu walioko London wanaujua mti ule unaochanua mwisho wa Machi, maua meupe yenye wekundu kwa chini, makubwa kama vikombe, na jani hata moja bado halijatoka. Ndiyo magnolia. Sasa mtu akirudi moja kwa moja Oman na kujenga nyumba yake Mawaleh au Khoudh, hulitia moyoni lile ua na akataka naye aliweke mlangoni. Jawabu fupi ni kuwa hiyo ya London usijisumbue nayo. Ile inataka baridi ya kweli ili ilale, ndipo iamke na kuchanua. Usiku wa Januari hapa Sib joto huwa nyuzi 17 hivi, na mti haudanganyiki kwa hizo ukadhani umepitiwa na kipupwe.

Jawabu refu lina faida zaidi, kwa sababu magnolia ina jamaa zake, na baadhi ya jamaa hao tumekuwa nao majumbani Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu tokea enzi za bibi zetu, bila ya kujua kuwa ni ukoo mmoja.

Kwanza hiyo magnolia yenyewe. Jina lilitolewa na mtawa wa Kifaransa, Charles Plumier, mwaka 1703, kwa heshima ya Pierre Magnol, mwalimu wa elimu ya mimea huko Montpellier. Kwa asili ziko Asia na mabara ya Amerika tu, Afrika hazimo. Inayostahimili joto ni Magnolia grandiflora, ya kusini mashariki mwa Marekani, isiyopukutisha majani: jani nene linalong'aa juu, chini rangi ya kutu, na ua jeupe la kujaa viganja viwili. Joto si tatizo lake kubwa. Tatizo ni udongo. Mti huu unapenda udongo wenye uchachu na unyevunyevu, na ardhi yetu ya Batina ina chokaa tele. Chokaa huizuia mizizi isipate chuma, jani likageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivyo usizidishe samadi, maana si njaa ya mbolea. Linalotakiwa ni dawa ya chuma ya ile aina iandikwayo EDDHA, ambayo haishindwi na chokaa. Ikiwa kingo za jani ndizo zinazoungua na kuwa kahawia, hapo ni chumvi, na dawa yake ni maji matamu.

Na chumvi hapa si mchezo. Visima vya mwambao wa Batina vimevutwa maji miaka mingi kuliko vinavyojazwa na mvua, na bahari imeingia chini kwa chini kushika nafasi. Bwawa la Khoudh, la mwaka 1985, lilijengwa makusudi ili mafuriko ya wadi yazame ardhini badala ya kukimbilia baharini, lakini mvua zenyewe ni chache. Mtende utakunywa maji ya kisima chenye chumvi na kukustahi. Magnolia haitokustahi, wala hao jamaa zake. Kwa hivyo kabla ya kununua mche wowote, pima maji yako. Kile kijipimo cha kuchovya hakina ghali, na kitakuepusha na hasara ya miaka mitatu. Maji ya bomba, ambayo asili yake ni bahari iliyotolewa chumvi, ndiyo salama, ila bili utaiona.

Anayeitaka grandiflora kwa vyovyote vile, ushauri wangu ni achague ile fupi iitwayo Little Gem, aipande ndani ya pipa kubwa lenye matundu, kwa udongo wa kununua wenye uchachu, na pipa alikalishe upande wa mashariki wa nyumba ili jua la alasiri lisiifikie.

Ipo na champa, Magnolia champaca, ambayo zamani iliitwa Michelia. Maua yake ya manjano ndiyo yanayotolewa attari ya champa ya Wahindi. Hii haihitaji baridi, kwa hivyo kwangu mimi ina nafasi nzuri zaidi Sib kuliko ile ya Kimarekani, almuradi ipate maji matamu na kivuli. Lakini jihadhari unaponunua. Ukitaja champa kwa muuza miche anayetoka magharibi ya India, huenda akakupa ule mti wa matawi manene unaotoa utomvu mweupe, ambao Waarabu wanauita yasmini ya Kihindi. Huo ni plumeria, hauna udugu wowote na magnolia, ingawa jina lake linatokana na yule yule Plumier. Ni mti mzuri na unakubali hapa vizuri sana. Ila si ulioutaka.

Sasa tuje kwetu. Wataalamu wameiweka jamii ya magnolia katika fungu moja na jamii ya mstafeli, na mkungumanga nao umo. Ishara za udugu zinaonekana ukitazama kwa makini: petali nene kama ngozi, harufu kali, wachavushaji wengi wao ni wadudu wa aina ya mende wadogo na si nyuki, na ua huanza likiwa la kike, kisha baadaye likawa la kiume.

Katika jamii hiyo ndimo alimo mkilua. Hapa wanalugha wenzangu naomba msimame kidogo. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa Kew aliyepata kufanya kazi Nairobi, aliona kichaka hiki cha mwambao wa Kenya na Tanzania hakiingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa. Akakiundia jenasi mpya, na badala ya kutafuta jina la Kilatini au la profesa fulani, akaiita Mkilua. Mkilua fragrans. Ngeli na yote! Kilua kile kile cha kwenye vikuba na nywele za mabibi harusi, kinachotajwa kwenye mashairi na taarabu kwa maana ya mpenzi, kimeingia katika vitabu vya sayansi na kiambishi chake cha mti. Basi inasikitisha kuwa vijana wetu waliozaliwa Oman wanamjua kilua wa nyimbo tu, hawajapata kumnusa.

Mkilua ni mmea wa chini ya miti mikubwa, kwa hivyo Sib usiuweke juani. Nafasi yake ni chini ya mwembe au katika ua wa ndani, penye ukuta unaozuia gharbi, ule upepo mkavu wa bara wa miezi ya joto. Mlangilangi nao unataka hayo hayo na zaidi, maana ukiachwa huwa mrefu mno. Wangazija hukata kilele na kuyainamisha matawi ili wachumaji wayafikie maua, na wewe fanya hivyo hivyo. Mkungumanga usahau kabisa. Mstafeli unaweza kujaribiwa kwa mwenye kivuli na subira.

Unaokubali bila ya kubembelezwa sana ni mtopetope, Annona squamosa. Na hapa pana mkanganyo wa majina wa kufurahisha. Kihindi tunda hili ni sitaphal. Waomani wanaliita mustafal. Sisi tuna stafeli, lakini stafeli letu ni lile kubwa lenye miiba laini, Annona muricata. Naona jina ni lile lile moja: Kiswahili kililichukua kikalipa tunda jengine, Kiarabu cha Oman kikalibakisha kwa tunda la awali. Ndiyo maana mtoto wa Sib ukimtuma stafeli atakuletea topetope, na wala hakukosea.

Upande Oktoba au Novemba, joto likivunjika. Chimba shimo pana, changanya samadi iliyooza, kisha funika juu kwa makuti yaliyokatwakatwa, ila yasiguse shina. Mwagia maji mengi kwa mara chache, yashuke chini na kuisukuma chumvi, kuliko kunyunyizia kidogo kila siku. Majani yakipukutika wakati wa baridi usiukate ukidhani umekufa, ndivyo ulivyo. Huo ndio wakati wa kupogoa.

Wengi hulalamika kuwa unatoa maua bila matunda. Sababu ni hewa kavu na uchache wa wale wadudu. Ifanye kazi yao: jioni kusanya chavua ya maua yaliyofunguka kabisa, itie kwenye kichupa kikavu, na alfajiri ipake kwa brashi laini ndani ya maua yaliyoachama kidogo tu, ambayo bado ni ya kike.

Kuhusu mkilua, msije na miche yenye udongo ndani ya masanduku. Karantini wanataka kibali na cheti cha afya ya mmea, na wana haki, maana maradhi husafiri na udongo. Aliyeko Mombasa au Unguja ambaye amewahi kuuotesha kwa mbegu atuandikie zilichukua siku ngapi, na kama huko Pemba au Lamu una jina jengine, tulipate.