Bati yatafutwa kuwa dawa ya kansa, lakini jiwe la Punia si la kunywa

Kasiteriti, jiwe jeusi ambalo wachimbaji wa Punia, jimboni Maniema, wanalitoa ardhini tangu wakati wa Wabelgiji, hutoa bati ya kulehemu simu na redio. Katika maabara, metali hiyo inatafutiwa kazi nyingine. Wanakemia wanaiunganisha na kaboni kutengeneza misombo ambayo, ndani ya vyombo vya maabara, imeua chembe za kansa. Mjini Brussels, Profesa Marcel Gielen alichunguza misombo hiyo kwa miaka mingi.

Swali gumu ni damu. Dawa ikiingia mshipani hukutana na albumini, protini inayotengenezwa na ini. Lita moja ya majimaji ya damu ina gramu 35 hadi 50 za albumini. Ni kama mtu wa baiskeli anayebeba mizigo porini: mzigo ukifungwa vibaya, utaanguka njiani; ukikazwa kupita kiasi, utafika lakini hautafunguka.

Ili kupima mshiko huo, watafiti humulika albumini, mara nyingi ile ya ng'ombe, kwa mwanga usioonekana kwa macho. Albumini hung'aa, msombo ukijishika nayo, mng'ao hupungua.

Metali nyingine ilishafaulu. Mwaka 1965, Barnett Rosenberg wa Marekani aligundua kwamba misombo ya platini inazuia chembe kugawanyika. Dawa iliyotokana nayo, sisplatini, iliruhusiwa nchini humo mwaka 1978, na leo inatibu kansa kadhaa, pamoja na ile ya mlango wa kizazi. Lakini sehemu kubwa ya platini hiyo hunaswa na protini za damu, na dawa huumiza figo. Ndiyo maana metali nyingine, bati ikiwemo, zinajaribiwa.

Bati nayo ina hatari yake. Mwaka 1954, nchini Ufaransa, vidonge vya majipu vilivyoitwa Stalinon, vyenye msombo wa bati, viliua watu karibu 100.

Hadi leo, hakuna dawa ya kansa ya bati inayotumika hospitalini. Anayeuza unga wa kasiteriti kama dawa anadanganya. Mwenye uvimbe usioisha, au mama anayetokwa damu nje ya siku zake, aende mapema kwenye kituo cha afya.