Mkate wa viungo bila oveni: jinsi ya kuoka kwa sufuria na makaa

Je, unapenda mkate wa chumvi wenye harufu ya majani ya viungo lakini huna oveni? Ukiwa Gisenyi, unaweza kuuoka kwa mbabula na sufuria mbili.

Unahitaji nini?

- Unga wa ngano nusu kilo
- Hamira kavu vijiko vidogo 2
- Chumvi kijiko kidogo 1 na nusu
- Sukari kijiko kidogo 1
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2
- Maji ya uvuguvugu mililita 300 hivi
- Kitunguu saumu punje 3, vitunguu majani, seleri na romarini kidogo

Hatua kwa hatua

1. Katakata majani yawe madogo. Kaanga saumu kidogo kwenye mafuta, kisha acha ipoe. Saumu mbichi ikiwa nyingi huzuia hamira kufanya kazi.
2. Changanya unga, hamira, sukari na chumvi. Ongeza majani, mafuta yenye saumu, na maji kidogo kidogo. Kama majani yana maji mengi, punguza maji ya kukandia.
3. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na lisishike mkononi.
4. Funika uache liumuke hadi liongezeke mara mbili. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu donge huumuka haraka kuliko pwani. Liangalie kwa macho, usitegemee saa tu.
5. Weka donge kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Acha liumuke tena dakika 20.
6. Weka mawe madogo 3 bapa na makavu ndani ya sufuria kubwa, weka ile ndogo juu yake, kisha funika. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Makaa yakizidi chini, mkate utaungua kabla ya kuiva ndani.
7. Baada ya dakika 35 hivi, utoe na uugonge chini. Ukitoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani, umeiva.

Ili kuokoa makaa, oka mara tu baada ya kupika maharage, moto ukiwa bado upo.

Muhimu: usioke ndani ya nyumba

Mvua ikinyesha, wengi huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Hii ni hatari. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaweza kuua watu wakiwa usingizini. Makaa yanayoonekana kama yamezimika bado yanaitoa. Okea nje, au chini ya paa lililo wazi pande zote, na usilale na mbabula chumbani.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ukiona mtu ana dalili hizi karibu na makaa, mtoe nje apate hewa na upige 912, namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda.

Kama unakaa katika kituo cha muda kama Nkamira, uliza wasimamizi kwanza ni wapi moto unaruhusiwa. Weka watoto mbali na kifuniko chenye makaa.

Mkate ukipoa, kula na chai, na umpelekee jirani kipande.