Plutoni ya Mlima Degelen

Asimamaye njiapanda ya Chalinze huona malori ya kila namna yakielekea Dar es Salaam, mengine yamesheheni vyuma chakavu. Ni nadra mtu kuuliza vyuma hivyo vimetoka wapi. Mwaka 1998 swali la namna hiyo lilimshtua mwanasayansi wa Marekani, Siegfried Hecker, alipozuru Semipalatinsk katika nyika za Kazakhstan.

Hapo Wasovieti walifanya majaribio 456 ya nyuklia kati ya mwaka 1949 na 1989. Eneo lenyewe ni kilometa za mraba 18,000 hivi, yaani zaidi ya mara kumi ya kisiwa cha Unguja. Lilifungwa mwaka 1991, ulinzi ukalegea, na wenyeji waliokosa kazi wakaanza kufukua nyaya za shaba ili waziuze. Waliingia hata katika mahandaki ya mlima Degelen. Baadhi ya majaribio yaliyofanyika humo hayakufikia mlipuko kamili, hivyo plutoni yake ilisalia.

Plutoni-239 hutoa chembe za alfa. Karatasi tu yatosha kuzizuia. Lakini vumbi lake likivutwa na kukaa mapafuni, chembe hizo hudhuru seli kutoka ndani na huweza kuleta saratani. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya kiasi kilichopo hugeuka kuwa elementi nyingine, ni miaka 24,000 hivi. Kungoja, basi, si dawa. Isitoshe, plutoni ile ingeweza kuibwa na kuundiwa mabomu.

Ugumu haukuwa wa kifizikia peke yake. Warusi ndio waliojua handaki lipi lina nini, na habari hizo zilikuwa siri ya dola. Wakazakhi walikuwa na ardhi na wafanyakazi. Wamarekani walikuwa na fedha. Hecker, aliyewahi kuongoza maabara ya Los Alamos, aliwapelekea wanasayansi wenzake wa Urusi picha za mitaro iliyochimbwa na watafuta shaba. Kwa maoni yangu, picha zile zilifanya kazi ambayo hotuba za wanasiasa zisingaliiweza. Siri zilitolewa kidogo kidogo, na kila zilipotolewa, zege lilimiminwa mahali palipotajwa. Kazi ilikamilika Oktoba 2012, kwa gharama ya dola milioni 150 hivi.

Yafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya plutoni hiyo haikuondolewa. Imo mlimani bado, imefungiwa ndani ya zege, na Wakazakhi hawana budi kuilinda.