Vigezo vya Usanifu wa Darubini ya Bunduki kwa Uwindaji wa Wanyama Hatari: Mfano wa Nyati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza vigezo vinavyopaswa kuongoza usanifu wa darubini ya bunduki inayotumika kuwinda wanyama hatari. Nyati wa Afrika amechukuliwa kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba darubini bora kwa kazi hii ni ile isiyomzuia mwindaji kuona mnyama anapokuwa karibu mno, hata kama uwezo wake wa kukuza ni mdogo. Suala hili lina uzito kwa sababu nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na mwindaji bingwa pamoja na wafuatiliaji wa nyayo hulazimika kumfuata humo. Kasoro ya kifaa huweza kuishia katika mateso ya mnyama na kifo cha mtu.

2.0 Mazingira ya Matumizi

Katika misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii hufanyika katika vitalu vilivyotengwa kisheria, risasi ya kwanza kwa nyati aghalabu hupigwa kwa umbali usiozidi mita 100. Kwa umbali huo, ukuzaji wa wastani humwezesha mwindaji kutambua dume anayestahili kuwindwa, kuona matawi yanayoweza kupotosha risasi, na kulenga bega kwa uhakika.

Hali hubadilika nyati anaposhambulia. Mnyama huyu anaweza kukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 50 kwa saa, yaani takriban mita 14 kwa sekunde. Akitokea umbali wa mita 20, mwindaji ana muda usiofika sekunde moja na nusu. Kwa hiyo kifaa kilekile hutakiwa kukidhi mahitaji mawili yanayokinzana: usahihi wa risasi ya kwanza na wepesi wa risasi ya mwisho.

3.0 Vigezo vya Msingi

3.1 Uwanja wa kuona

Upana wa uwanja wa kuona hutegemea kipenyo cha lenzi ya jicho, umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi hiyo, na kiwango cha ukuzaji. Lenzi yenye kipenyo cha wazi cha milimita 36, ikitazamwa kutoka milimita 90, huweza kutoa uwanja wenye upana wa karibu mita 40 kwenye umbali wa mita 100, endapo hakuna ukuzaji (1×). Ukuzaji ukiwa mara 4, upana huo hushuka hadi mita 10.

Kwenye umbali wa mita 10 kutoka kwa mnyama, vipimo hivyo huwa mita 4 na mita 1. Kwa kuwa pembe za dume mkubwa huweza kutanda karibu mita 1, mwindaji anayetazama kwa ukuzaji wa mara 4 huona uwanja mzima umejaa kichwa, na mnyama akihama kidogo humpotea kabisa. Hivyo, ukuzaji wa chini kabisa unapaswa kuwa 1× halisi, ili mwindaji aweze kulenga macho yote mawili yakiwa wazi.

3.2 Umbali wa jicho na mrudio

Mrudio ni msukumo wa bunduki kwenda nyuma inapofyatuliwa. Risasi ya .458 Winchester Magnum yenye gramu 32.4, ikitoka mtutuni kwa takriban mita 640 kwa sekunde, huipa bunduki ya kilo 4.5 kasi ya kurudi nyuma ya karibu mita 5 kwa sekunde katika muda wa takriban milisekunde 2. Darubini ya kilo 0.5 iliyofungwa juu yake hudai nguvu ya wastani ya niutoni 1,250 kutoka kwenye vishikizo vyake. Nguvu hiyo inalingana na uzito wa zaidi ya kilo 120.

Darubini iliyo karibu mno na uso humpasua mtumiaji nyusi. Mwindaji aliyekwisha kuumizwa hivyo huanza kujikunja kabla ya kufyatua, na shabaha yake huharibika. Umbali wa jicho wa milimita 100 ni salama zaidi, ingawa kwa lenzi iliyotajwa hapo juu hupunguza uwanja wa kuona kutoka mita 40 hadi 36. Hasara hiyo inavumilika.

3.3 Nuru na alama ya shabaha

Upana wa mduara wa nuru unaofika jichoni hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 24 kwa ukuzaji wa mara 4 hutoa milimita 6, kiasi kinachokaribia upana wa mboni ya jicho wakati wa machweo. Lenzi ya milimita 56 haihitajiki; tena huinua darubini juu ya mtutu, shavu likaachana na kitako cha bunduki. Alama ya shabaha iwe na mihimili minene na nukta yenye mwanga katikati, na ionekane vizuri hata betri inapokwisha.

4.0 Muundo Unaopendekezwa

Kutokana na vigezo hivi, muundo unaofaa ni darubini ya 1–4×24 yenye bomba la milimita 30, umbali wa jicho wa milimita 100, na vishikizo vya chuma vinavyofunguka kwa mkono bila zana. Sharti hili la mwisho humwezesha mwindaji kuiondoa darubini na kutumia vilengeo vya chuma kabla ya kuingia kichakani. Ukuzaji wa mara 6 ungeboresha risasi ya mbali, lakini kwa lenzi hiyohiyo ungepunguza mduara wa nuru hadi milimita 4.

Udhaifu mmoja unabaki: mwindaji anaweza kusahau pete ya ukuzaji kwenye mara 4 baada ya risasi ya kwanza. Kwa sababu hiyo, pete iwe na mkono mdogo unaotambulika kwa kuguswa, ili nafasi ya 1× ijulikane bila kutazamwa.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kuwa usanifu wa darubini kwa wanyama hatari uanzie kwenye umbali mfupi kabisa, kisha ndipo umbali mrefu ufikiriwe. Ukuzaji mdogo zaidi, umbali wa jicho na uimara wa vishikizo vitangulie; ukuzaji mkubwa ufuate. Hata hivyo, hakuna darubini inayoweza kufidia risasi ya kwanza iliyopigwa kwa pupa.