Kitanda Kinapofundisha Kukesha

Saa nane usiku. Mtu yuko chali, macho makavu, anapiga hesabu ya muda uliobaki kabla ya alfajiri. Anageukia ubavu wa kushoto, wa kulia, anageuza mto. Hapati hata lepe la usingizi. Kesho yake anaamua kulifidia deni: saa mbili usiku tayari amepanda kitandani. Hapo ndipo anapoulea ugonjwa.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliandika kuhusu tiba iliyoanzia kwenye kitanda chenyewe. Kitanda kikishazoea kubeba mawazo, ada za shule, simu na kukodolea dari, ubongo hujifunza kwamba hapo ni mahali pa kukesha. Ndiyo maana wengine husinzia kwenye kochi mbele ya runinga, kisha usingizi ukawapaa mara tu wanapogusa mto. Bootzin alitaka mtu alale pale tu anapohisi usingizi. Usipokuja upesi, ainuke, akae kwingine kwenye mwanga hafifu, arudi macho yakiwa mazito. Kwa aliyepanga chumba kimoja, kiti au mkeka unatosha. Saa ya kuamka haibadiliki, hata Jumapili.

Arthur Spielman na wenzake walikwenda mbali zaidi mwaka 1987: walipunguza muda wa kitandani. Tuseme mtu hukaa kitandani saa tisa lakini hulala tano na nusu tu. Anapewa hizo tano na nusu, kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Uchovu unalimbikizwa, usingizi unashikana. Akianza kulala karibu muda wote huo, anaongezewa dakika 15, kidogo kidogo. Wiki za mwanzo ni ngumu kwelikweli. Dereva, fundi wa mashine, mwenye kifafa au aliyewahi kuugua wazimu wa furaha iliyopitiliza asijaribu bila daktari.

Mbinu hizi, pamoja na kurekebisha hofu za usiku, ndizo ambazo mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilipendekeza zitangulie vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi.

Kahawa nayo ina sehemu yake. Kadiri mtu anavyokaa macho, adenosini hujikusanya ubongoni na kuleta uzito wa usingizi. Kafeini huiziba njia. Kwa watu wengi nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini, hivyo kikombe cha barazani cha saa kumi na mbili jioni bado kina nguvu saa tano usiku.

Anayekoroma, pumzi ikakatika, kisha akashtuka akihema, asiishie kwenye mkeka na taa hafifu. Huo huenda ni ugonjwa mwingine, na vipimo vyake viko hospitalini.