Gari Jepesi, Barabara Nzito: Namna ya Kupima Uwezo na Utulivu wa Gari Dogo la Kasi

Katika njia panda ya Kikorongo barabara itokayo Kasese hugawanyika. Mkono mmoja huendelea Katunguru na Mbarara, na mwingine huelekea Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, mwendo wa kilomita zipatazo 38. Mstari wa Ikweta hupita karibu na hapo, tambarare ni pana, na lami imenyooka kiasi kwamba gari lenye injini ya nguvu hufikia kasi kubwa kabla dereva hajatambua. Hiyo ndiyo sababu tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu, wa upande huu na wa ng'ambo ya mto Lhubiriha, jinsi ya kulipima gari ambalo vijana wengi hulitamani: gari dogo la saluni lililoundwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, kama vile Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer.

Hatuandiki ili kumkataza mtu kununua gari alipendalo. Tunaandika kwa kuwa wanunuzi wengi hulipima gari kwa swali moja tu: linakimbia kiasi gani? Swali hilo ni la haki, lakini ndilo jepesi kuliko yote. Maswali mazito ni mawili: gari hili husimama baada ya mita ngapi, na dereva anapolibana kwenye kona, je, linamtii?

Sifa zilikotoka

Sifa za magari haya hazikuzuka bure. Impreza ilianza kuuzwa mwaka 1992, na kampuni iliyoiunda ikatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari kwa miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Mwaka huo wa 1997, Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya akiliendesha. Sisi Waganda nasi tunayo fahari yetu: mwaka 1999 Charles Muhangi alikuwa bingwa wa mbio za magari barani Afrika.

Lakini gari la mashindano na gari liuzwalo katika yadi hufanana sura tu. La mashindano huimarishwa kwa fremu ya vyuma ndani, matairi yake huchaguliwa kulingana na njia, na pembeni ya dereva huketi msomaji wa ramani anayemweleza kila kona kabla hajaifikia. Zaidi ya hayo, barabara hufungwa. Ya kwetu haifungwi. Juu yake wamo watoto waendao shule, bodaboda zilizobeba mikungu ya ndizi, malori yaendayo Kongo, na tembo wavukao Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth bila kumwomba mtu ruhusa.

Nguvu ya injini

Nguvu za farasi zinazotajwa na muuzaji hupimwa katika hali ya hewa ya usawa wa bahari. Ziwa George, jirani yetu, liko mita zipatazo 914 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Injini yenye turbo hufidia upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani, ndiyo maana husifiwa milimani. Hata hivyo turbo iliyochakaa ni gharama kubwa. Kwa hiyo sikilizeni kama inapiga mluzi usio wa kawaida, na mtazame moshi. Moshi wa buluu huashiria kuwa injini inaunguza oili. Mweusi, kwamba mafuta ni mengi kupita kiasi. Na mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia mahali pasipofaa. Ombeni kuliwasha gari likiwa limepoa, kwa kuwa injini iliyokwisha kupashwa moto huficha maradhi mengi.

Jaribuni pia gari likiwa na uzito litakaloubeba. Gari linaloruka kama swala dereva akiwa peke yake huwa jingine kabisa likibeba watu watano na gunia la chumvi ya Katwe.

Tuchukue mfano wa kulipita lori refu. Lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, nawe unakwenda 80. Ili ulipite na kurudi upande wako kwa usalama, unahitaji kama sekunde 11, na katika muda huo utakuwa umetumia mita zipatazo 250 za barabara. Gari litokalo mbele kwa kasi hiyo hiyo nalo litakuwa limekula mita 250. Maana yake ni kwamba unahitaji kuona nusu kilomita iliyo wazi kabla hujatoka nyuma ya lori. Injini yenye nguvu hupunguza sekunde chache tu. Haiondoi kilima wala kona iliyokuficha gari lijalo.

Breki, kipimo cha kwanza

Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona hatari, kuamua, na kukanyaga breki. Gari lenye matairi mazuri kwenye lami kavu, likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litasimama baada ya mita zipatazo 35 tangu hatari ilipoonekana. Kwa kilomita 80, ni mita 70 hivi. Kwa kilomita 100, ni karibu mita 100, yaani urefu wa kiwanja cha mpira. Lami ikilowa, mita hizo 100 hukaribia 140. Tambueni kwamba kasi ikiongezeka maradufu, umbali unaotumiwa na breki zenyewe huongezeka mara nne.

Sasa tufikirie usiku. Taa za mbele zikiwa zimepunguzwa humulika takriban mita 50. Aendaye kilomita 100 kwa saa kwa taa hizo anakwenda kasi kuliko macho yake: atakachokiona, atakuwa amekwisha kukigonga. Tembo ni wa kijivu, na kiwiliwili chake kiko juu ya mwanga wa taa za gari dogo. Nyati na kiboko ni weusi kama usiku wenyewe. Na mtembea kwa miguu aliyevaa nguo za giza hana taa ya nyuma. Kwa taa zilizopunguzwa na lami kavu, kilomita 60 kwa saa ndiyo kasi ambayo gari zima laweza kusimama ndani ya kile dereva anachokiona. Mvua ikinyesha, punguzeni zaidi. Tena, vioo vya plastiki vya taa katika magari yaliyotumika huwa na ukungu kwa uzee. Gari la namna hiyo halimuliki hata mita hizo 50.

Hapa ndipo penye kosa linalowaponza wengi. Husemwa kwamba gari linalosukumwa na magurudumu manne "haliponyoki". Ni kweli kwamba hushika vizuri linapoongeza mwendo kwenye tope au changarawe. Lakini kila gari, la magurudumu mawili au manne, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Mfumo huo humsaidia dereva kuondoka, haumsaidii kusimama. Hatari yake ni kwamba humpa ujasiri ambao breki hazikuahidi.

Kupima breki, endeni mahali patupu na palipo wazi, kwa mwendo wa kilomita 40, mkakanyage kwa uthabiti huku mmeshika usukani bila kuubana. Gari lisivute upande wowote. Pedali iwe ngumu, isizame. Ikiwa gari lina mfumo wa ABS, pedali itatetemeka mguuni mkikanyaga kwa nguvu. Hiyo ni dalili ya uzima, msiiachie.

Usukani, springi na matairi

Gari tulivu hufanya kile dereva anachokitarajia. Likiingia kona kwa kasi isiyofaa, magari mengi hukataa kona: pua huendelea mbele ingawa usukani umekatwa. Mengine mkia huchomoka na gari kugeuka. Tiba ya yote mawili ni moja, nayo hufanywa kabla ya kona: punguza mwendo ukiwa bado umenyooka.

Simameni kwenye kila pembe ya gari, mkaikandamize na kuiachia. Ikipanda na kutulia mara moja, shokapu ni nzima, ikinesanesa, imekwisha. Jihadharini na gari lililokatwa springi ili liwe chini na kupendeza. Kwenye mashimo na matuta litagonga tumbo, na magurudumu hayatashika barabara vyema.

Matairi ndiyo pekee yanayoigusa ardhi, na kila moja huigusa kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Someni tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake tairi liliundwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi hukauka hata kama meno yake ni marefu. Likiwa limelika upande mmoja, magurudumu hayako sawa au gari liliwahi kugongwa.

Kwa wanaovuka Mpondwe

Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia. Gari letu lenye usukani wa kulia likifika Kasindi humweka dereva ukingoni mwa barabara, asione kilicho mbele ya lori mpaka achomoze nusu ya gari. Mwenzetu atokaye Kongo na usukani wa kushoto hupata shida hiyo hiyo huku kwetu. Kwa hiyo gari likiwa na kasi kiasi gani, asiyeona asipite. Aache nafasi kubwa nyuma ya lori, au amwombe abiria aliye upande wa pili amsaidie kutazama, huku uamuzi ukibaki wake. Vilevile, taa za magari yaliyoundwa kwa nchi za kuendesha kushoto humulika zaidi upande wa kushoto. Ng'ambo, huko ndiko watokako madereva wengine, nao hupofushwa. Fundi anaweza kuzishusha.

Mahali pa kujaribia

Barabara kutoka Kikorongo hadi Bwera si uwanja wa majaribio. Anayetaka kununua alijaribu gari mchana, akiwa na leseni, mkanda umefungwa, na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji. Akihitaji ukaguzi rasmi, amwone Mkaguzi wa Magari wa polisi. Tunawaomba pia wazazi na wenye magari: msimpe kijana funguo kwa sababu tu anajua kubadili gia. Mpeni baada ya kumwona akisimamisha gari.

Mkishuhudia ajali au gari linaloendeshwa kwa namna ya kuhatarisha watu, pigeni 999 au 112, au fikeni kituo cha polisi kilicho karibu. Mnyama akigongwa, msishuke gizani kumtazama. Sogezeni gari mbali kwa usalama, kisha mtujulishe sisi au Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Gari zuri ni lile lililomfikisha mwenyewe, na kila aliyekutana nalo njiani akafika kwake pia.